Moshi wa Ubani Nyuma ya Kasha

Kabla hujafunga skrubu ya mwisho, weka kiganja chako nyuma ya kasha. Usikimbilie kuangalia skrini. Skrini itakudanganya: itawaka, itakuonyesha picha nzuri ya mlima, na wewe utamwita mwenye kompyuta aje kuichukua. Kiganja hakidanganyi. Ukisikia hewa inakusukuma, tena ina uvuguvugu kidogo, mashine inapumua. Usiposikia kitu, au ukisikia kiganja kinavutwa kuelekea ndani, fungua tena. Fungua hata kama mteja amesimama mlangoni na pikipiki yake inanguruma.

Ninawaandikia ninyi vijana wa Kasongo na Kabambare mnaofungua kompyuta za watu bila kufundishwa na mtu, kama nilivyofanya mimi. Watu hucheka nikisema nimestaafu. Sina mvi hata moja. Mama yangu, ambaye ninalima naye mpunga hapa Wamaza, anasema mtu hastaafu kabla meno hayajaanza kumtoka. Lakini ufundi nimeuacha kweli, na sababu nitaisema waziwazi: woga. Si woga wa umeme. Ni woga wa kukosea. Nilikuwa nikimrudishia mtu kompyuta yake, halafu nikifika nyumbani ninaiona kichwani, skrubu mojamoja, ninajiuliza kama ile ya kona ya chini niliikaza au niliizungusha tu. Mara nyingine nilirudi kwa mteja na kisingizio kwamba nimesahau bisibisi, ili nipate kuigusa ile skrubu. Ilikuwa imekazwa. Siku zote ilikuwa imekazwa.

Siwaambii haya ili mnihurumie. Ninajua baadhi yenu mna ugonjwa huohuo, na mnafikiri dawa yake ni kufanya kila kitu bila dosari. Nami nilifikiri hivyo, mpaka siku ya filamu ya Riziki.

Nilijifunza kwa mashine zilizokufa. Assani, mpiga picha na video za harusi, ana chumba chake karibu na soko la Kasongo, na nyuma ya pazia alikuwa na rundo la kompyuta zilizozimika zamani. Nilikwenda kwake kupigwa picha ya pasi ya shule, nikaona lile rundo, nikasahau picha. Nikamwomba ruhusa ya kufungua moja.

“Fungua tu, Faida,” alisema. “Maiti haiuawi mara ya pili.”

Nikaanza kumwita Yaya, kaka mkubwa, na sikutoka tena mle ndani. Yeye alijua kamera na taa, ndani ya kompyuta hakupapenda. Alisema panamkumbusha utumbo wa mbuzi. Kwa hiyo nilijifundisha. Nilijifunza kupiga picha ya kila waya kwa simu kabla ya kuuchomoa, hasa vile vidogo vya kitufe cha kuwashia, maana vinafanana kama mapacha. Nilijifunza kugusa chuma kabla ya kugusa bodi, ili umeme wa mwilini mwangu uishie pale. Nilijifunza kuhesabu matundu ya bodi na kuyalinganisha na vile vijiti vya shaba vinavyoishikilia ndani ya kasha. Kijiti kimoja kikibaki mahali ambapo bodi haina tundu, kitaigusa kwa chini, na mashine haitawaka, nawe utalia bila kujua unalilia nini. Mimi nililia. Yaya Assani aliniletea chai, akaketi mbali.

Na nyaya nilizisuka. Mama yangu alikuwa msusi kabla ya magoti kumsumbua, na vidole vyake nimevirithi. Kasha nililolifunga mimi ulikuwa ukilifungua unakuta nyaya zimelala pembeni kama mistari ya nywele za msichana anayekwenda kipaimara. Watu waliingia kuangalia tu. Nilikuwa nikijifanya sisikii sifa zao, lakini nilikuwa nikizihifadhi.

Vita vyangu vikubwa vilikuwa na vitambaa. Mnajua desturi yetu: kitu cha heshima hakikai uchi. Redio, televisheni, friji, vyote vina kitambaa kilichofumwa kwa mkono, chenye nyuzi zinazoning'inia pembeni. Kompyuta ilipoingia majumbani ikapewa heshima ileile. Siku moja mwalimu mmoja aliniita kwake kwa sababu mashine yake ilikuwa ikizimika kila alipoitumia kwa muda. Nikaikuta imevikwa kitambaa cheupe mpaka miguuni. Nilipokiinua, joto lilinipiga usoni kama nimefungua chungu.

“Mama,” nikamwambia mke wa mwalimu, “hiki kitambaa ndicho kinachoiua.”

“Sasa tuiache uchi? Wageni wakiingia?”

“Iache ipumue.”

Aliniangalia kama nimemwambia aende sokoni na nguo ya ndani. Tangu siku hiyo nikajulikana mtaani kama adui wa vitambaa, na jina hilo sikulikataa. Nilikuwa nikiwaeleza wateja habari ya tanuru la matofali. Mmewaona wachomaji wetu: wakishapanga matofali na kuwasha moto, wanaziba kwa udongo ili joto lisitoke. Kompyuta, niliwaambia, ni kinyume chake. Hewa baridi iingie mbele na chini, hewa moto itoke nyuma na juu. Ukiziba, umejenga tanuru. Nililisema hilo mara nyingi na kwa majivuno. Kumbukeni hayo majivuno, maana tunayafikia sasa hivi.

Riziki alikuwa binti wa Mama Zaina, mfanyabiashara wa vitenge pale sokoni. Alilelewa Kabambare na nyanya yake, ambaye wote tulimwita Koko. Katika ukoo wao, msichana aliyelelewa na nyanya hachukuliwi na wakwe mpaka nyanya huyo amemwona kwa macho yake akivuka kizingiti cha mlango wa baba yake, amefunikwa, mkono wake umeshikwa na mjomba. Nyanya akishaona, husema neno moja: “Ametoka.” Bila neno hilo, ndoa imefungwa lakini bibi arusi anakaa.

Koko alikuwa ameanguka na kuvunjika nyonga. Barabara ya Kabambare na Kasongo mnaijua, hata nyonga nzima inaiogopa. Kwa hiyo wazee walikubaliana kwamba Yaya Assani apige filamu, ipelekwe Kabambare kwa pikipiki, Koko aione kwenye televisheni ya jirani yake mwenye sola, na neno lirudi. Simu haikufaa. Mtandao wa kule haubebi video, na macho ya Koko hayaoni picha yenye ukubwa wa kiganja. Na ile televisheni haikuweza kusoma mafaili ya kamera yetu. Ilikuwa lazima kompyuta iyapike kwanza, iyageuze yawe filamu ambayo televisheni inaielewa.

Filamu ilipigwa, Riziki akarudishwa ndani kungoja neno, na hapo ndipo kompyuta ya studio ilipotuangusha. Kazi ya kuipika filamu huitia prosesa, ule ubongo wa kompyuta, joto kuliko kazi nyingine zote, na mashine ile ilikuwa ndani ya kasha jembamba la ofisini ambalo panya walikuwa wamelikojolea mpaka likaoza kwa kutu. Kisanduku cha umeme kilikuwa kikihema kama mgonjwa. Iliifikisha filamu robo, ikazimika. Tukaifungua ubavu na kuipulizia feni ya meza. Ikafika theluthi, ikazimika.

Mashangazi wa bwana arusi, waliotoka Kindu kumchukua Riziki, walikuwa wameketi kwenye mikeka uani kwa Mama Zaina. Siku zilikuwa zimewachosha. Asubuhi ile walipita studio, wakasimama mlangoni, na mkubwa wao akamuuliza Yaya Assani:

“Baba, sisi tulikuja kuchukua mwanamuke ao kuchukua filimu?”

“Mwanamuke, mama. Filimu iko karibu.”

“Karibu ya wapi? Kesho asubuhi tunaenda. Tunaenda naye, ao tunaenda bila yeye. Na tukienda bila yeye, hatutarudia.”

Wakaondoka. Yaya Assani akanigeukia. Kwenye kona kulikuwa na kasha jipya aliloletewa kutoka Goma, refu, jeusi, lenye ubavu wa kioo na kisanduku chake kipya cha umeme. Tulikuwa tumepanga kulihamia baada ya msimu wa harusi, taratibu.

“Faida,” akasema, “leo.”

Amisi, dereva wa pikipiki wa njia ya Kabambare, alikuwa amesema ataondoka baada ya sala ya alasiri, wala hatangoja. Mawingu yalikuwa yakijikusanya upande wa mto Lualaba. Njiani kuna kijito chenye daraja la magogo. Mvua ikinyesha, maji yanapanda juu ya magogo, na mtu anakaa ukingoni mpaka yapungue. Basi nilijua yote: asipoondoka alasiri, hafiki. Asipofika, neno halirudi. Neno lisiporudi, Riziki anabaki kwa mama yake kama mzigo ambao mwenyewe ameukataa. Na mambo yote hayo yalikuwa mikononi mwangu.

Nikafanya kile ninachofanya nikiogopa: nikafanya vizuri kupita kiasi. Nilitoa bodi kama ninayemtoa mtoto majini. Nikahamisha vijiti vya shaba kimojakimoja. Kwa kuwa kasha lilikuwa na nafasi, nikaipa prosesa kipoza joto kirefu kutoka kwenye mashine mojawapo iliyokufa, kile chenye feni yake ubavuni kinachosukuma hewa kuelekea nyuma. Nikaongeza feni mbili mbele na moja nyuma, zote za kuokota, nilizozisafisha kwa mswaki mpaka zikang'aa. Nyaya nikazisuka. Ndiyo, na siku ile pia nilizisuka. Yaya Assani alikuwa akitembea nyuma yangu, anafungua mdomo, anafumba.

Nilipobandika kioo, nikarudi nyuma hatua kuangalia. Sikuwahi kufunga kasha zuri kama lile. Feni zote zilikuwa zimegeuza uso wake mzuri nje, ule usio na mikono ya plastiki wala kibandiko, pangaboi zikionekana safi kama ua.

Tukawasha jenereta, tukaanza kuipika filamu. Mstari wa kijani ukatambaa. Haukufika hata pale ulipofika zamani. Skrini ikawa nyeusi.

“Nini?” akasema Yaya Assani.

Kasha jipya, kisanduku kipya cha umeme, kipoza joto kikubwa zaidi, na mashine imekufa mapema kuliko ilipokuwa kwenye kutu na mkojo wa panya. Nikafikiria krimu, ile nyeupe inayopakwa kati ya prosesa na kipoza joto ili joto livuke. Labda niliweka nyingi. Nikang'oa, nikafuta, nikapaka upya, kiasi cha punje ya mchele. Tukawasha. Ikazimika.

“Toa kioo,” akasema Yaya Assani.

Nikatoa kioo. Mashine ilikwenda mbali kidogo, kisha ikazimika tena, na safari hii kipoza joto kilinichoma kidole. Hapo ndipo nilipochanganyikiwa kabisa. Ubavu uko wazi, upepo unaingia kutoka barabarani pamoja na vumbi lote la pikipiki, na bado chuma kinaungua. Nikaanza kuishuku prosesa yenyewe. Nikashuku jenereta. Nikajishuku mimi, na hilo ndilo lilikuwa rahisi kuliko yote. Nilimwambia Yaya Assani kwamba nimeiua, na kwamba angetafuta fundi wa kweli tangu mwanzo.

“Fundi wa kweli yuko Goma,” akasema. “Wewe ndio iko hapa. Kaa.”

Pikipiki ya Amisi ilisimama mlangoni. Akaingia na koti lake la mvua tayari mwilini.

“Muko tayari?”

“Bado.”

“Muangalie ile wingu. Mimi sina mabawa.”

Na nyuma yake akaingia Mama Zaina. Mkononi alikuwa na chetezo cha udongo chenye makaa, na ubani ulikuwa umeshaanza kufuka. Hakuniamkia. Aliingia kama mtu anayeingia chumba cha mgonjwa.

“Faida, mutoto wangu, mashini inakataa?”

“Haikatai, mama. Inapata joto.”

“Joto inatoka wapi? Hata jua hakuna. Ni jicho hii. Wale mashangazi walisimama pale mulangoni, wakaangalia kasha mupya, wakasema, ‘Ee, mashini muzuri!’ Kuko mwenye alisema mashallah?”

Yaya Assani akatikisa kichwa. Hapakuwa na aliyesema.

“Basi. Ndio vile.” Akatupa chembe nyingine ya ubani kwenye makaa.

Nilitaka kumzuia. Moshi ndani ya mashine ni mafuta, na mafuta hushika vumbi. Nilikuwa nimesema hivyo kwa wateja wengi. Lakini alikuwa mama ambaye binti yake amekaa ndani akingoja, na mimi ndiye niliyeshindwa kumsaidia. Sikuwa na mdomo wa kumfundisha. Nikabonyeza kitufe, mashine ikawaka, feni zikaanza kuzunguka, nami nikapiga magoti pembeni yake nikiwa nimeshika shavu, huku yeye akianza kuizungushia chetezo na kusoma dua polepole.

Akaanzia mbele. Moshi ukainama, ukaingia kwenye feni za mbele kwa adabu, kama ulivyotakiwa. Akaenda ubavuni. Moshi ukayumba tu. Akafika nyuma.

Ninawaomba mlione hili kama nilivyoliona. Nyuma ni mahali pa kutokea. Moshi ulipaswa kusukumwa, ukimbie kuelekea ukutani. Badala yake ulinyooka, ukawa mwembamba kama uzi unaotafuta tundu la sindano, ukaingia ndani ya kasha.

“Mama, simama hapo,” nikasema. “Usisogee.”

“Limeonekana?” akauliza kwa sauti ya chini. “Lile jicho?”

“Limeonekana.”

Feni ina pande mbili. Upande ulio wazi, ule mzuri, ndio unaovuta hewa. Upande wenye ile mikono ya plastiki inayoshika injini, ule mbaya wenye kibandiko, ndio unaoitoa. Feni nyingine zina mshale mdogo ubavuni, lakini zangu za kuokota hazikuwa nao. Nami nilikuwa nimegeuza uso mzuri nje kwa zote tatu, mbele na nyuma, ili kasha lipendeze. Za mbele zilikuwa sawa kwa bahati. Ya nyuma ilikuwa ikivuta hewa ndani na kuisukumia usoni pa feni ya kipoza joto, na hizo mbili zilikuwa zikipigana vichwa kama mbuzi, hewa moto ikibaki katikati yao haina pa kwenda. Mimi, mhubiri wa tanuru, adui wa vitambaa vya mama za watu, nilikuwa nimejenga tanuru lenye kioo.

Nikazima. Skrubu tatu za feni ya nyuma zilitoka. Ya nne ilikuwa imelika kichwa, bisibisi ikazunguka bure. Amisi akapiga honi nje. Nikaingiza bisibisi bapa chini yake, nikaing'oa kwa nguvu, kipande cha plastiki kikaruka. Sasa waya wa feni haukufika, kwa sababu nilikuwa nimeusuka pamoja na nyingine zote, umebana kama nywele za harusi. Zamani ningekaa nifumue kwa subira, uzi kwa uzi. Nikachukua wembe nikakata vifungo vyote. Nyaya zikaanguka ndani ya kasha kama utumbo wa mbuzi, na Yaya Assani akageuza uso.

Nikaigeuza feni, uso mbaya nje. Skrubu tatu zikashika. Mahali pa ile ya nne nikafunga utepe niliouchana kwenye kitenge changu.

“Mama Zaina, tafadhali. Zunguka tena.”

Hakuhitaji kuombwa mara mbili. Mbele, moshi ukaingia. Nyuma, kabla hajakisogeza chetezo karibu, ule moshi ulioingia mbele ukawa umeshaanza kutoka, kijivu, unasukumwa, unapiga ukuta na kutawanyika.

“Munaona!” akalia Mama Zaina. “Linatoka! Jicho linatoka kwa nyuma!”

Sikubishana naye. Mpaka leo sijabishana naye.

Tukaanza kuipika filamu upya. Hakuna aliyeketi. Mstari wa kijani ukapita mahali ulipofia mara ya kwanza, ukapita mahali ulipofia kioo kilipotolewa. Niliweka kiganja nyuma ya kasha, nikakiacha hapohapo, uvuguvugu ukinipumulia. Ngurumo ikasikika mbali. Ulipobaki mstari mfupi, jenereta nje ikakohoa.

Mafuta. Nilikuwa nimefikiria kila kitu isipokuwa mafuta.

Amisi alikuwa ameshatoka kabla Yaya Assani hajamaliza kutukana. Alilaza pikipiki yake kidogo, akachomoa mpira wa mafuta, akajaza chupa kutoka tangi lake mwenyewe, na kumimina kwenye jenereta huku inakohoa.

“Nikikwama njiani,” akaniambia, “wewe Faida ndio utakuja kunisukuma. Na hiyo feni yako.”

Mstari ukafika mwisho. Nikanakili kwenye flashi, nikaifunga ndani ya mfuko wa plastiki, mfuko ndani ya mfuko, nikampa. Matone ya kwanza yalikuwa yakidondoka barabarani alipoondoka.

Mvua ilipiga. Nilirudi nyumbani nikawaza kijito, magogo, flashi, ule utepe wa kitenge. Nikawaza kama filamu itafunguka kwenye ile televisheni. Sitawaeleza zaidi, wenye ugonjwa wangu wanajua.

Asubuhi mashangazi walikuwa wamefunga mizigo. Pikipiki zao zilikuwa zimepangwa mbele ya nyumba ya Mama Zaina, na Riziki alikuwa amesimama ndani ya mlango, nyuma ya pazia, ninaona vidole vyake vya miguu vyenye hina chini ya kitambaa. Mkubwa wa mashangazi alikuwa ameshaanza kupanda nyuma ya dereva wake, analalamika kwamba kiti kina maji. Ndipo tulipomwona Amisi anakuja, tope mpaka kifuani, pikipiki inapiga chafya.

“Amesema nini?” Mama Zaina akampokea barabarani.

“Ngoja nishuke, mama.”

“Amisi!”

“Huyu Koko wenu ni mutu muzito,” akasema, akijifuta. “Ameangalia. Amesema, ‘Rudisha.’ Tumerudisha. ‘Rudisha tena.’ Ameuliza sababu gani mujomba anatembea mbio, kama iko na njaa. Ameuliza nani mwenye alishonea mutoto nguo, mukono moja ni murefu. Nikasema, ‘Koko, mimi ni mutu wa pikipiki.’ Akaangalia tena. Akapangusa macho.”

Akavuta pumzi, akalisema kwa sauti ya mtu aliyetumwa, si ya kwake:

“‘Ametoka.’”

Sijui nani alipiga vigelegele kwanza, lakini nadhani alikuwa yule shangazi, angali juu ya pikipiki. Riziki alipita karibu yangu akitoka, akanishika kidole, kilekile kilichoungua. Niliruka kwa maumivu nikacheka.

Walipokwishaondoka, Amisi akanipa kifurushi. “Hii ni ya mashini,” akasema. “Koko amesema, mashini yenye imemuletea mutoto wake haiwezi kukaa uchi. Ameondosha yenye ilikuwa kwa redio yake. Redio sasa ndio iko uchi.”

Kilikuwa kitambaa. Cheupe, kilichofumwa kwa mkono, kimeanza kuwa rangi ya maziwa kwa uzee, chenye nyuzi ndefu zinazoning'inia pande zote.

Nilikikunjua, nikazipima nyuzi zake kwa vidole. Yaya Assani alikuwa akinitazama mimi, meno yote nje.

“Adui wa vitambaa,” akasema, “sasa utafanya nini?”

Nilikwenda kwa Mama Zaina kuazima chetezo. Nilikitandika kitambaa juu ya kasha, mahali ambapo bati halina tundu, nikawasha, nikazungusha moshi. Mbele hakikuziba. Ubavuni hakikuziba. Nyuma, zile nyuzi ndefu zilining'inia mbele ya feni, nami nilikuwa nimeshashika mkasi ili nizikate. Kisha mashine ikapata moto kidogo, feni ikaongeza mwendo, na nyuzi zikainuka. Zikapepea nje, zote pamoja, kama nywele za mtu aliye nyuma ya pikipiki.

Nikarudisha mkasi mahali pake. Siku ile nilipata kitu ambacho kiganja changu hakikuweza kunipa, maana kiganja lazima nikiweke mimi, na mimi siwezi kuwa kila mahali. Nyuzi zikipepea nje, inapumua. Zikilala, kuna jambo. Zikivutwa ndani, zima upesi. Hata mwanamke aliyekuja kupigwa picha ya pasi aliweza kuona kutoka mlangoni. Tangu hapo, kila kasha nililolifunga nililiachia uzi nyuma, na wateja walioogopa uchi wa mashine zao niliwaruhusu kitambaa, mradi kifupi, mradi chenye nyuzi. Ule utepe wa kitenge sikuubadilisha kwa skrubu. Nilijaribu kuubadilisha, nakiri, na mkono ukaniambia niuache.

Sasa niko Wamaza. Mpunga wangu umepandwa kwa mistari iliyonyooka kiasi kwamba majirani huleta watoto kuuona, kwa hiyo msidhani nimepona. Mtandao unashika juu ya kilima, pale wanapokausha mihogo. Wiki ikiisha ninapanda, ninampigia Yaya Assani, na kabla ya salamu za watu ninamuuliza kama nyuzi zinapepea.

Ninamsikia anainuka kwenye kiti, anakwenda nyuma ya kasha, anaangalia kweli, kwa sababu anajua nitajua asipoangalia.

“Zinapepea, Faida,” ananiambia. “Lima mupunga yako.”